Maji Yaliyochemka Kabla ya Mia

Kwako Atupele, mwenzangu wa maabara,

Nilichosikia mara ya mwisho ni kwamba uliolewa ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi. Namba yako ya zamani haipatikani. Kwa hiyo naandika wazi, anayekufahamu akusomee.

Bado ninayo madaftari yangu ya kumbukumbu. Katika lile la kidato cha pili kuna Jumanne moja: "Mvua asubuhi. Fizikia, kuchemsha maji. Mimi na Atu tumesoma 98. Nimeandika 100. Nimepata vema." Basi. Yaliyokupata wewe sikuyaandika, lakini nayakumbuka.

Tulikuwa wawili kwenye jiko moja la mafuta ya taa. Wewe ulishika kipimajoto, mimi saa. Maji yakatokota, zebaki ikapanda, ikasimama kwenye tisini na nane. Tukasubiri, haikusogea. Ukaniambia, "Angalia na wewe, usije ukasema nimekudanganya." Nikainama, nikaangalia. Ukaandika ulichokiona. Mimi nikafungua kitabu, nikakuta nyuzi mia moja katika usawa wa bahari, nikaandika mia.

Uliyanyooshea kidole yale maneno ya mwisho. "Na hii bahari?"

"Atu, si tupo ufukweni hapa? Tukishuka zaidi ya Kyela tutakwenda wapi?"

Sikuwa natania. Kila anayetoka Tukuyu husema anashuka Kyela, masikio yanaziba njiani, na mteremko ukiisha unakuta maji ya ziwa mpaka mwisho wa macho. Nilidhani hapo ndipo chini kabisa. Nadhani hata mwalimu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alidhani hivyo.

Aliposoma daftari lako alicheka. "Maji ya kwenu Ngana yana haraka ya kwenda wapi?" Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, njoo uone, bado yanachemka."

Hakuja. Alikupa kifutio, ukakiweka mezani. Ndipo akanigeukia. "Wewe mwenzake, mmesoma ngapi?"

"Mia, mwalimu."

Hukunitazama. Ulipata sifuri, na tangu wiki ile wavulana wa nyuma wakakubatiza. "Ugonile, Tisini na Nane!" Kila asubuhi, getini, kana kwamba ni salamu ya kawaida. Tulipofika kuchagua masomo ya kidato cha tatu uliacha fizikia, wewe uliyekuwa unanifundisha mimi. Ulisema umechoka kuitwa mwongo. Mimi niliendelea nayo.

Siku hizi kazi yangu ni kusoma kina cha Mto Songwe. Kuna ubao wenye namba umesimikwa ukingoni, huku Katumba Songwe. Asubuhi na jioni nakwenda, nasoma, naandika. Siku ya mafunzo ofisa alitaja, kama jambo linalojulikana na kila mtu, kwamba ziwa letu liko karibu mita mia tano juu ya bahari, na ndiyo maana hata maji huku huchemka kabla ya kufika mia. Nilimwomba arudie. Wenzangu walidhani sikusikia.

Nimelifikiria kwa utulivu. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja na mtoto mmoja aliyepingana nacho, ikawa rahisi kuamua nani amekosea. Ningesema tisini na nane, tungekuwa wawili, na angalau angesogea kwenye jiko letu. Huenda angelaumu kipimajoto, akaleta kingine, kikasema vilevile, tukaanza kuulizana kwa nini. Badala yake jambo lilimalizwa kwa neno langu moja.

Wiki iliyopita wanafunzi wa sekondari waliletwa mtoni kujifunza kupima. Maji yalikuwa yanachezacheza, kila mmoja akasoma yake. Binti mmoja alimchungulia jirani yake, akafuta.

"Mbona umefuta?"

"Nimekosea, anko."

"Umejuaje?"

"Huyu huwa anapata vema zote."

Nikawaambia wakae kwenye nyasi, nikawasimulia habari zako zote, na zangu. Nilitegemea waulize kuhusu mita na nyuzi. Binti yule yule akauliza, "Anko, na huyo dada ulishamwambia?"

"Bado."

"Sasa unatuambia sisi ili iweje?"

Wenzake wakacheka, mwalimu wao akamkemea. Nilisema asikemewe.

Basi nakuambia wewe. Mwalimu aliponiuliza, nilidanganya, na nilijua nadanganya. Nilitaka vema. Siwezi kukurudishia somo lile, wala sitegemei unijibu.

Kama una watoto wanaosoma, waambie mama yao aliona sawasawa, na shahidi yupo. Amechelewa, lakini yupo, na jina lake liko hapa chini kwa yeyote atakayebisha.

Ukae salama huko uliko. Ndaga kwa kunisikiliza.

Mwenzako wa jiko moja,
Ambakisye