Ndovu Bila Shamba

Jumanne, 11 Juni
Nimechuma majani chai mpaka saa nne, kisha nikasafisha kamera. Mzee wa kijiji anataka picha za ndovu wakiwa mashambani. Ofisi ya wanyamapori haiamini wanavuka upande huu wa Kibugu. Bila picha, ua wa stima wa kuzuia ndovu utaishia ng'ambo ya mto. Mama Wawira, jirani yangu mjane, shamba lake linagusana na msitu. Amenishika mkono: "Baba Muriithi, sisi tunakutegemea wewe." Nimeomba Mungu anitulize mkono.

Alhamisi, 13 Juni
Asante Yesu. Asubuhi, dume moja la ndovu kwa migomba ya Mama Wawira. Nilijificha nyuma ya choo chake. Nikafanya vile nafanya nikipiga picha za harusi: toa ndoo, toa kamba ya nguo, abaki bibi harusi tu. Nikangoja asogee mbali na migomba, mpaka nyuma yake kukawa na ukungu mtupu. Picha tatu. Filamu ikaisha. Sijawahi kupiga picha safi hivyo. Nimeingiwa na kiburi, nakiri.

Jumatatu, 17 Juni
Embu, ofisini. Afisa aliziangalia zile picha sana.
"Mzee, kazi safi. Lakini shamba liko wapi?"
Nikasema ni kwa Mama Wawira.
"Mimi naona ndovu na ukungu. Huyu yuko kwao msituni."
Mwenzake akacheka. "Ama shamba lenu liko mawinguni."
Ua hautafika kwetu. Kisha afisa akaomba moja ya kuweka ukutani. Nikampa. Nikasema hata asante. Mjinga mimi.

Jumatano, 19 Juni
Jana nilimkwepa Mama Wawira. Leo ndovu wamemfikia. Migomba yote chini. Ukuta wa jikoni umemwangukia mguu. Tumembeba kwa blanketi mpaka barabarani, wanaume wanne. Njiani akaniuliza watu wa ua wanakuja lini. Nikasema, "Tuombe Mungu." Nimeficha uoga wangu nyuma ya jina la Mungu. Sikula.

Jumapili, 23 Juni
Baada ya ibada nilienda hospitali. Nimemwambia Mama Wawira yote, hata ile picha ya ukutani. Aliangalia mguu wake, umefungwa plasta hadi pajani. Kisha akasema atahamia kwa binti yake, Siakago. Shamba libaki.
Akaniomba nimmenyee chungwa. Nikammenyea lile chungwa polepole. Akala nusu, nusu akanisukumia.
Nikala.