Paka Asiyejilamba

Msambweni, Jumanne, 1964

Leo nimempiga kaka yangu mkubwa, Bakari, kwa mwiko mpaka akatoka damu puani, na sijuti.

Ameuchoma tena kwa chuma cha moto ule uvimbe wa saratani shavuni mwa paka wangu, Shani. Nyama ilinuka nyumba nzima. Shani alilia, akajikojolea, akaniuma kidole.

"Maadamu anakula, Mwanajuma, atapona," Bakari akasema.

Kula anakula. Lakini zamani akijipangusa uso tulisema mgeni yuaja. Tangu aanze kuchomwa hajajilamba hata mkia. Huo ni uhai gani?

Chuma nimekitupa chooni.

Kesho nitamwamkia Bakari shikamoo kama kawaida. Radhi sitamwomba. Nitamwomba rungu lake, Shani apumzike.