Sindano za Jumamosi

Jumanne

Mwanangu, muuguzi wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wenzako wa wodini, kisha yule mwenye nyumba wako mkali. Kikohozi kimekuacha? Hapa shangazi yako hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Wifi yako hajambo. Mjukuu wangu hajambo, meno mawili ya mbele yameng'oka na pengo analionyesha hata kwa wageni. Mimi sijambo. Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo ya mdogo wako, Chuma.

Unakumbuka mwaka jana nilivyokuwa nikifumua mishono ya mashati yake yasimpasukie mgongoni? Sasa nayapunguza. Zile dawa za kujaza misuli aliziacha miezi mitatu iliyopita, kifua kilipoanza kuvimba kama cha mwari. Wenzake wa gereji wakamwuliza ataanza lini kunyonyesha. Tangu siku hiyo anavaa koti hata jua likiwaka.

Nikaenda naye hospitali. Daktari akampima damu, akasema zile dawa ni homoni za kiume. Mwili ukizoea kuletewa za dukani unaacha kutengeneza zake, na kuamka tena ni kazi ya miezi, pengine mwaka mzima. Akamwambia awe anarudi kupimwa, na avumilie. Avumilie! Huyu asiyeweza kungoja chai ipoe! Anakaa, anasimama, anafungua mlango, anaufunga. Taarifa ya habari inamliza. Ya chumbani kwao si yangu, ila wifi yako ameniambia amechoka kuulizwa mtoto wa pili yuko wapi, kama vile kamficha yeye.

Daktari aliuliza nani alikuwa akimchoma sindano. Chuma akajibu ni mwalimu wake wa mazoezi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mwanangu, ni mimi. Kuchoma sindano ulinifundisha mwenyewe, baba yenu alipougua. Chuma akaja na vichupa, akasema ni vitamini, akasema mama mkono wako hauumi. Maandishi ya vichupani ni ya Kiingereza, sikuyaweza, wala sikumpa mtu anisomee. Kila Jumamosi nikimaliza kufua, nilikuwa namchoma. Na nilifurahi. Tangu baba yenu atutoke hakuna aliyeuhitaji mkono huu. Alivyotanuka kifua, nikajisifu sokoni kwamba nimezaa dume.

Jana alileta kichupa kingine. Anasema ni hiki kimoja tu, apate nguvu za kazi. Nikamwambia mkono unaniuma. Akasema basi atangoja Jumamosi, na nisipoweza atajichoma mwenyewe mbele ya kioo. Sindano nimezificha chini ya cherehani, na ameshaanza kuzitafuta.

Kwa daktari nitarudi, nikaseme ukweli. Lakini mwandikie yeye, wewe atakusikia. Mkono kuuma ni uongo wa mara moja. Mara ya pili ataniangalia usoni, na unajua huyu sijawahi kumnyima kitu.

Wote wanakusalimu, mwenye pengo naye. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi. Jibu mpe huyo huyo, lifike kabla ya Jumamosi. Kasirika, mwanangu, lakini jibu upesi.

Ni mimi mama yako.