Sitasaini Hadi Diski

Mjukuu wangu Chacha,

Nakusihi, usimsomee mtu neno hata moja la humu mpaka Jumatatu ipite. Salamu zako za utani zimefika. Cheka tu, tumelingana umri, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako. Huku Morotonga hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna mtama.

Unauliza uchukue laptop yenye hadi diski kubwa au yenye SSD ndogo. Nilipoanza ukarani, nilipanda pikipiki na laptop ya hadi diski kuandikisha wazee wa Busawe kwa ajili ya matibabu. Makarani hatuzimi mashine njiani, maana kuiwasha upya kunakula chaji na vijijini umeme ni wa shida. Hadi diski huhifadhi kumbukumbu kwenye kisahani kinachozunguka ndani, na barabara ile hutikisa hata meno. Kilikwaruzika, majina yote yakapotea. Wazee walipoitwa tena, mmoja aliniambia, “Karani, mashine yako inasahau kuliko mimi!”

Sasa ofisi inanunua laptop mpya, na bosi anataka nisaini kwamba za hadi diski hizohizo ndizo zinazotufaa. “Saini, binti. Kubwa ni kubwa.”

SSD nayo huhifadhi kumbukumbu, lakini haina kinachozunguka. Jumatatu nitamwambia hivyo na kalamu nitaiacha mezani. Naogopa kufukuzwa, sikufichi, lakini wazee wale hawatatembea mara mbili kwa saini yangu. Nawe chukua SSD.

Usinipigie simu ya ofisini. Ukishuka stendi ya Mugumu, mwulize yeyote alipo karani aliyekataa.

Bibi yako,
Bhoke