Siku Droni Ilipopambwa Nandagala

Jumapili jioni, Nachingwea. Upepo wa Agosti umetulia kidogo, vumbi bado limo masikioni, na nimechoka uchovu ule mtamu wa mtu aliyecheka siku mbili mfululizo.

Nina gundi kwenye nywele. Nitaeleza.

Jana jirani yangu Salma, tunayepanga naye nyumba moja hapa mjini, aliolewa kwao Nandagala, kule Ruangwa. Yeye ni fundi cherehani. Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyeletwa huku kutoka Singida, na mwisho wa wiki huwa napiga picha za harusi kwa droni yangu ndogo. Alipokuja kuniomba nimpigie, hakutaja keki wala shela. Alimtaja bibi yake tu.

Bibi Mwanahawa ndiye aliyemlea Salma, katika nyumba ileile ambayo jana angetoka kama bibi harusi. Mwaka huu alianguka akavunjika nyonga, akahamishiwa Ruponda kwa mwanawe, Baba Mdogo Hamisi. Safari ya gari kwa barabara zetu hizi hawezi kuistahimili.

"Nataka anione natoka mlangoni," Salma aliniambia. "Uwanja, njia, watu wote. Kama vile yupo."

Na bibi harusi hutoka mlangoni mara moja. Hakuna cha kusema turudie.

Nilifika Nandagala asubuhi na mapema. Watoto walikuwa wengi na mikono yao ina kiu ya kushika, kwa hiyo nikaiweka droni chumbani kwa kina mama, kisha nikaenda kunywa chai na mihogo. Niliporudi, nilikuta imepambwa.

Niseme kwa wasiojua: huku kila kinachomtumikia bibi harusi hupambwa. Pikipiki hupambwa, spika hupambwa, hata mwiko wa pilau niliuona umefungwa utepe. Sasa Shangazi Zainabu, dada yake baba Salma na msimamizi wa shughuli nzima, alikuwa ameona droni imelala pale tupu kama yatima, akaihurumia. Alikata karatasi ya dhahabu, ile inayong'aa kama bati jipya, akaikunja petali kwa petali hadi ikawa ua kubwa, akalibandika kwa gundi mgongoni mwa droni. Halafu akainyunyizia marashi. Mapanga yake aliyaacha huru, akanionyesha kwa fahari kwamba yanazunguka bila kugusa kitu.

Nilipenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimshukuru kwa mikono miwili na wala sikufikiri zaidi, mimi mwenye shahada ya fizikia ukutani.

Baada ya adhuhuri nikairusha kwa majaribio.

Mungu wangu.

Ilipanda vizuri hadi usawa wa paa, kisha ikaanza kwenda upande kama mtu aliyekunywa. Nikaivuta kushoto, ikaenda kushoto na kuendelea kwenda. Ilipita juu ya jiko la nje, wapishi wakainama wote kwa pamoja kama wanaosali, ikazunguka turubai, na mimi nyuma yake nakimbia na rimoti, kiatu kimoja kimebaki uwanjani. Nilifanikiwa kuishusha kwenye rundo la nyasi. Kwenye simu niliyoiunga na rimoti maandishi mekundu yalisema hakuna GPS. Idadi ya setelaiti: sifuri.

Kwa asiyejua, droni husimama mahali pamoja angani kwa sababu inasikiliza setelaiti zikiiambia ipo wapi. Ikikosa kuzisikia, upepo ndio unaoamua.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza niliulaumu upepo, maana upepo haujibu. Halafu nikazilaumu spika, kwa kuwa zina sumaku kubwa na nilirushia karibu nazo. Nikasogea hadi mwisho wa uwanja. Bado. Nikabadilisha betri, nikazima kila kitu, nikawasha upya. Bado. Nikaamua kuipima dira upya, na kwa hilo inabidi uishike droni mikononi uzunguke nayo taratibu mahali ulipo, kisha uisimamishe wima uzunguke tena.

Wapiga ngoma waliponiona nazunguka na droni iliyopambwa, wakaelewa walivyoelewa. Ngoma ikaingia. Vigelegele vikafuata. Kina mama wakanizingira wakizunguka nami, mmoja akanifunga khanga kiunoni. Ningefanyaje? Nilicheza. Dira ilikubali, nadhani ni kwa huruma tu.

Nikairusha tena, ikaenda moja kwa moja kwenye mkorosho na kukwama matawini.

Nikubali hapa, kwenye ukurasa wangu mwenyewe: kufikia hapo nilishalishuku lile ua. Masikio ya droni yako mgongoni, na karatasi ile ni metali. Hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili angeniambia. Lakini nilikuwa tayari kuilaumu mbingu nzima kuliko kubandua pambo la Shangazi Zainabu. Asubuhi ileile kina mama walinisimulia juu ya dereva mmoja aliyetoa maua kwenye gari la harusi eti yanamziba asione mbele. Suala lake lilifika hadi kikao cha wazee. Huku kukivua pambo chombo cha bibi harusi kabla hajatoka ni kama kusema harusi yenyewe huitaki.

Tukaiangua droni kwa ufito mrefu. Tawi lilikuwa limechana petali upande mmoja, na nilipoiweka chini tu, simu ikalia. Setelaiti tatu. Nne. Sita.

Basi, hakukuwa na pa kujificha tena. Na upande wa pili wa kijiji zilisikika honi za pikipiki: watu wa bwana harusi wanakuja.

Nilikwenda kwa Shangazi Zainabu. Alikuwa mlangoni kwa Salma, amesimama kama askari. Nikapiga goti, nikamweleza kwamba droni husikiliza angani, kwamba masikio yake yako mgongoni, na kwamba ua lake zuri limeyafunika. Nikamwambia nisipolitoa, Bibi Mwanahawa hataona kitu. Nilipotaja jina hilo aliigeukia droni. Bibi ni mama yake mzazi.

"Kumbe nimemziba masikio, maskini," alisema.

Akaibandua ile karatasi mwenyewe, petali kwa petali, kwa uangalifu kuliko hata alivyoibandika. Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Lakini hili haliendi chini, mwalimu. Pambo la harusi halitupwi. Inama."

Nikainama. Akanigandisha ua lote kichwani, kwa gundi ileile.

Ndivyo nilivyoirusha droni jana: khanga kiunoni, dhahabu kichwani, nang'aa kuliko bibi harusi. Watu walinipiga picha nyingi kuliko walizompiga yeye, na Salma leo ameshanisamehe. Droni ilipanda ikasimama kimya juu ya uwanja, imetulia tuli, na mimi nilitamani kulia kwa raha.

Kisha mlango ukafunguliwa.

Bibi harusi hutoka ameinamisha uso, hacheki wala hamtazami mtu. Salma alitoka hivyo, hatua ndogondogo, Shangazi amemshika mkono. Katikati ya uwanja akasimama. Akaufunua ushungi wake, akainua uso, akatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera, akatabasamu tabasamu la mtoto aliyerudi kutoka shule. Nilisikia wazee wawili watatu wakiguna. Shangazi Zainabu hakuguna. Naye alitazama juu.

Leo asubuhi, nikirudi, nilipitia Ruponda na kompyuta yangu, droni ikiwa begini. Baba Mdogo Hamisi alikuwa amemkalisha mama yake kitandani kwa mito, amejifunika khanga mpya kabisa, ya mikunjo ya dukani. Bibi anakijua Kimwera vizuri kuliko Kiswahili, kwa hiyo mwanawe alikaa katikati yetu kutafsiri. Hakukuwa na kazi kubwa. Furaha ilikuwa haihitaji mkalimani.

Bibi aliitazama video yote bila kupepesa. Alitaja nyumba moja moja kwa jina la mwenye nyumba. Aliuliza ni nani aliyeezeka bati jipya na kapata wapi jeuri hiyo. Salma alipoinua uso, Bibi alinyoosha kidole akamgusa shavuni kwenye kioo, akasema naye maneno ambayo Baba Mdogo hakuyatafsiri, na mimi sikuuliza.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Nilishaanza kufunga begi.

Bibi akaniita kwa Kiswahili chake kile, polepole, akichagua neno moja moja.

"Mimi nimewaona. Wao mimi wataniona lini?"

Tukatazamana, mimi na Baba Mdogo. Wote tulikuwa tumehangaika mwezi mzima Bibi aone. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Bibi naye ni wa kuonwa.

Majirani wakaitwa. Wanaume wanne wakamkalisha kitini, wakambeba hadi uwanjani, mimi nikiwaelekeza kwenye uwazi. Setelaiti zilijaa zenyewe, kama zilizokuwa zikisubiri. Nikairusha. Bibi Mwanahawa aliketi wima kabisa, mikono juu ya magoti, uso umeelekea juu. Majirani walimzunguka wakapiga vigelegele, na mmoja akaanza wimbo wa harusi. Bibi hakupunga mkono. Aliachia tu tabasamu, na nikajua Salma alilitoa wapi lile la jana.

Droni ilipotua, aliniuliza kama picha itafika Nandagala. Nikamwambia nitaituma sasa hivi, itafika kabla hajarudishwa kitandani.

Akafumba macho kidogo.

"Basi, nimekwenda harusini."

Salma amenijibu kwa ujumbe wa sauti. Hauna hata neno moja. Ni kicheko na kilio, na nyuma yake sauti ya Shangazi Zainabu ikiamuru kila mtu anyamaze aone vizuri.

Nimekuwa nikiwaza tangu nirudi. Kila wiki namtumia mama yangu Singida video: soko la hapa, shule yangu, mikorosho ikichanua. Anasema asante mwanangu, nimeona. Mama yangu mimi nimemwona lini?

Kesho jioni nitampigia, na safari hii sitamwonyesha chochote. Nitamwomba ageuze simu, anionyeshe uso wake, atulie hapohapo.