Kifuani kwa Mama Mkwe

Shoga, hebu sikia haya.

Nimetoka kuoga, naingia sebuleni, namkuta mama mkwe amempakata mtoto, blauzi wazi, mwanangu ananyonya titi lake. La mama mkwe, shoga. Bibi kizee yule.

Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

Hata hakujifunika. "Nilimnyonyesha baba yake, sembuse huyu. Maziwa yako mepesi, mtoto analia tu."

Nikamnyang'anya. Mdomo wa mwanangu unanuka ile dawa ya kuchua anayojipaka kifuani. Nimemfuta ulimi kwa kitambaa huku natapika kwenye sinki.

La mama mkwe, jamani.

Nikampigia mume wangu, nikamweleza yote. Unajua ameniuliza nini? "Kwani mtoto hakunyamaza?"

Nimeshambeba mwanangu. Tunakuja kulala kwako.