Mbwa Waliolowa

Kisiwani, upande wa Buvuma
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mke wangu Mama Hamisi,

Assalaam aleikum. Karatasi hii ikukute umeketi na afya yako, watoto wameshiba, na mama yangu magoti yamempa nafuu ili aache kuilaumu mvua. Mimi napumua, nakula, nalala, ingawa kulala kwenyewe ni kwa jicho moja. Hali ya huku unaisikia redioni, na mengi redio haiyasemi.

Barua yako niliipata. Ilikuwa imefunguliwa njiani na kugandishwa tena kwa uji. Sijui nani aliisoma kabla yangu, lakini kama ni askari, basi naye sasa anajua kwamba nimeoa mwanamke mwenye mbwa. Mama Hamisi, maneno yale uliyaandika kwa kalamu au kwa kisu? "Nasikia unastarehe visiwani na bibi wa mjini, mnachoma samaki, na mbwa wake wanakula kabla yako." Namjua aliyekuletea. Ni Wesonga, muuza samaki wakavu, maana alituona, akageuza mtumbwi wake bila hata salamu. Sisemi ameongopa. Mwanamke yupo, mbwa wapo, na samaki tulichoma. Lakini kuona si kujua, na leo nakueleza yote bila kuogopa macho ya mtu, kwa sababu barua hii haipiti posta.

Kazi yangu unaijua, ni kuendesha lanchi ya Mzee Lutaaya kutoka gati la Port Bell, huko Luzira. Zamani ilikodiwa na Wahindi na Wazungu kwenda visiwani kuogelea na kuvua kwa ndoana. Wahindi walipofukuzwa na Wazungu wakapungua, tukawa tunabeba mkaa na matoke. Basi siku moja akaja mwanamke mnene wa wastani, amevaa gauni la gomesi, mkononi kashika kamba tano na kila kamba ina mbwa. Akasema anataka kukodi lanchi kwa likizo, yeye na mbwa wake.

Likizo, Mama Hamisi. Watu wanapanga foleni ya chumvi tangu alfajiri, sabuni inapatikana kwa magendo tu, na yeye anapeleka mbwa likizo. Nani katika Kampala hii ana moyo wa likizo? Pale gatini sote tulipata jibu moja, ingawa hakuna aliyelitamka kwa sauti: ni mtu wao. Ni wa wale wa miwani myeusi, wanaokuja na gari, wakamtia mtu kwenye buti, na asionekane tena. Nikamvuta Mzee Lutaaya pembeni nikamwambia, "Mzee, huyu ametumwa."

"Ametumwa au hakutumwa," akanijibu, "ukimkatalia ndipo utajua."

Tukamkubalia.

Nikaanza kumpeleleza mpelelezi. Nikaambiwa anakaa ghorofa za Bukoto, na wanamwita Nalongo, ndiyo heshima Waganda wanayompa mama wa mapacha. Mapacha wenyewe wako Kenya, wanasoma wakiwa kwa dada yake. Mumewe, Ssalongo, yaani baba wa mapacha, alikuwa mwalimu, na majirani walisema alichukuliwa akitoka shuleni na hakurudi. Na hao mbwa si wake. Waliachwa na Wahindi waliohama, yeye akawaokota mmoja mmoja pale ghorofani. Mpaka leo ukiwaamuru kwa Kiganda wanakutazama tu, ila ukiwaambia neno la Kihindi wanakaa chini. Habari hizo badala ya kunituliza zilinizidishia. Mjane gani huyu, mumewe hana hata kaburi, naye anakwenda likizo? Nikasema, huyu mwanamke ndiye aliyemuuza mumewe.

Safari ya kwanza tuligombana kabla hatujatoka ghubani. Mbwa mmoja mfupi, mwenye manyoya mengi, anaitwa Moti, aliruka majini, akarudi, akajikung'uta juu ya suruali yangu. Nilimfokea. Nalongo akauliza, "Fundi, kwani hii maji ya mbwa iko na sumu?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto. Kwa dini yetu mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu, hakuna neno. Balaa ni akiwa amelowa, au wewe umelowa. Hapo lazima uoshe mara saba, na mara moja ni kwa udongo, ndipo uswali. Aliuliza na kuuliza. Na kama ni kanzu? Na kama mtu amekwisha chukua udhu? Na maaskari Waislamu, nao wanafuata hiyo? Nilipomaliza kujibu nikajiambia, hayo maswali yote atayapeleka kwa wakubwa zake, na mimi Mkenya, siku hizi ambazo kila Mkenya anaitwa jasusi, nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu.

Safari ya pili ikawa mbaya zaidi. Tuko katikati ya maji, injini inanguruma vizuri, akaniangalia na kusema taratibu, "Fundi, hii serikali itakwisha lini?"

Wallahi, nilijua huo ni mtego. Nikamjibu, "Nalongo, plagi ya hii injini inataka kusafishwa." Nikazima injini yenyewe, nikaanza kufungua plagi isiyo na tatizo lolote. Mbwa wakatutazama. Tulipofika kisiwani akanituma nirudi Port Bell peke yangu kununua petroli, na akasisitiza niende na mbwa wote. Askari wa gatini waliniona napita na mbwa bila mwenyewe, wakanicheka mpaka wakachoka. Nikarudi kisiwani kwa aibu, tukachoma samaki, na hapo ndipo Wesonga alipotuona. Wiki tatu zilizofuata, kila gari lililopunguza mwendo Namuwongo karibu na chumba changu, nilikuwa nimekwisha vaa viatu.

Halikuja gari. Akaja yeye, na mbwa wake, akaikodi tena lanchi. Hiyo ni jana.

Siku zake zote ni Ijumaa, mchana. Nilikuwa nadhani ni bahati tu. Jana nilikwenda kuchukua petroli, na niliporudi mizigo imekwisha pakiwa mbele, chini ya mbao za sakafu, na juu yake ametandika magunia ya mbwa. Aliniambia ni sufuria na mchele. Mbwa wote watano walikuwa wamelala juu ya zile mbao, pua chini, wanatikisa mikia. Nikaona ajabu. Mbwa akisikia panya hubweka, akisikia mgeni huunguruma. Mchele gani unaotikisiwa mkia?

Sikupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu sajini wa gati alikuwa anakuja. Huyu ni Mwislamu mshika dini hasa, na muda wa swala ya Ijumaa ulikuwa umekaribia. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amekwisha tawadha, miguu bado ina maji ndani ya kandambili. Mwenzake alikuwa amekwenda kula. Akasema, "Leo natafuta ndani kabisa. Iko amri mpya. Toa mizigo yote."

Nalongo alimshika Moti kwa ngozi ya shingo, akamtupa majini. Akamtupa na wa pili. Nikafikiri mwanamke amepata wazimu. Akawatupa wote watano, akisema kwa sauti ya kubembeleza, "Pole afande, wanasikia joto sana hawa." Sajini ameweka mguu mmoja ndani ya lanchi, mbwa wakapanda kwa ubao nyuma yake, maji yanachuruzika, wakaanza kujikung'uta.

Alirudi nyuma mpaka kandambili moja ikabaki kwetu. "Toa hii mbwa! Mimi niko na udhu!"

"Zinapenda watu, afande," Nalongo akasema, na kumwachia Moti amfuate.

Sajini akanigeukia mimi. "Wewe si Mwislamu? Unakaa namna gani na hii najisi?"

Nikamjibu, "Ni njaa, afande." Na hilo neno, Mama Hamisi, ndilo pekee la kweli nililosema jana mchana kutwa.

Akatazama msikiti ulipo, akatazama kanzu yake, akatazama zile mbao zilizofunikwa na mbwa waliolowa. Akasema, "Enda, enda." Nikamrushia kandambili yake. Wakati nawasha injini nilielewa kwamba yale maswali yote ya siku ile hayakwenda kwa mkubwa yeyote. Lakini kilichokuwa chini ya mbao bado sikukijua, na nilikuwa naogopa kukijua.

Gereza la Luzira lilipopotea nyuma yetu, niliacha usukani nikaenda mbele, nikawasukuma mbwa, nikainua mbao. Kulikuwa na mtu. Amejikunja kama mtoto tumboni, ndevu mpaka kifuani, macho hayawezi jua. Mbwa wakamrukia, wakamlamba uso mzima, naye anawaita kwa majina huku analia.

"Huyu ndiye Ssalongo," Nalongo akasema.

Hakuchukuliwa, kumbe. Walimwendea shuleni wakamkosa, na watu wakaeneza kwamba amechukuliwa. Muda wote huo alikuwa ndani ya stoo, pale pale Bukoto, na wale mbwa ndio waliofanya jirani asibishe hodi. Jana alipakiwa ndani ya gunia nikiwa nimekwenda kwenye petroli.

Nilikasirika. Nakuambia kweli, sikumwonea mtu huruma saa ile, nilijionea mimi. Nikasema, "Nalongo, umeniweka mbele ya bunduki bila kuniambia. Nina mke. Nina watoto. Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama bila kupepesa. "Fundi, wewe unaongea Kiswahili safi kama ile ya redio yao. Hapa Kiswahili ni ya basirikale, ya hawa askari. Mimi nilijua wewe ni mtu yao. Ndiyo nilikuuliza ile siku serikali itakwisha lini. Nikangoja gari ije kwangu."

"Na mimi nilingoja lije kwangu," nikasema. "Nilijua wewe ndiye mtu wao."

Ssalongo ndiye aliyecheka kwanza. Kicheko kilimtoka kwa shida, kama bomba lililokaa muda bila maji. Tukacheka sote watatu, kisha Nalongo akaanza kulia, nami nikarudi kwenye usukani kwa sababu lanchi ilikuwa inakwenda kombo.

Sasa tuko kisiwani. Wachuuzi wa Port Victoria, upande wa Kenya, wanaonunua samaki huku wamekubali kuwavusha leo, na mtumbwi unapakiwa ninavyoandika. Kutoka Port Victoria watapita kwetu Mumias kabla ya kuwafuata mapacha. Kwa hiyo mke wangu, aliyekukabidhi karatasi hii ndiye yule mwanamke mwenye mbwa, na huyo mwenye ndevu nyuma yake ni mumewe. Wape maji, wape uji, watandikie. Usimwangalie kwa jicho la upande. Jicho hilo nimelitumia mimi tangu siku ya kwanza, nalo lilinidanganya.

Najua swali lako, tena najua umesimama unapolisoma. Mbona wewe hukuvuka nao, na mtumbwini nafasi ipo? Mama Hamisi, lanchi ikitoka gatini, mwenyewe huwa ndiye mdhamini. Kila jioni Mzee Lutaaya lazima aende kwa askari ajionyeshe, mpaka chombo kirudi. Kisiporudi, watamchukua yeye. Alinipokea Kampala nikiwa sina hata shuka, na ana miaka ya kuwa baba yangu. Siwezi kula uji wako huku nikijua yuko wapi. Nisamehe. Ningeweza kuvuka ningevuka, na Mungu anajua miguu yangu imeelekea wapi.

Kesho narudi na mbwa wanne. Nikiulizwa, nitasema Nalongo amebaki kisiwani, ana homa, amenituma petroli. Wameniona hivyo mara moja, wakacheka, na namwomba Mungu wacheke tena. Nikishamkabidhi Mzee Lutaaya lanchi yake mkononi, silali Namuwongo. Nitakuja kwa njia ya Busia, kwa basi au kwa miguu. Nikikawia, usipeleke mtu kuulizia, na usiandike barua.

Msalimie mama, umwambie dawa ya magoti nitamletea mwenyewe. Msalimie shemeji yangu fundi cherehani, na mjomba anayeadhini pale msikitini, aniombee bila kutaja jina langu. Wabusu watoto. Wesonga naye msalimie, umwambie wakati mwingine akiona mtu, amwamkie.

Moti nimekuachia. Alikataa kutoka mtumbwini, amemlalia Ssalongo miguuni. Najua nyumba yetu haiingii mbwa, basi mfunge nje, karibu na banda la mbuzi, mahali anapoiona njia. Safari zote tatu amekojolea viatu vyangu, harufu yangu anaijua. Watu wakipita, mwache abweke. Lakini siku utakayomwona amenyamaza, ametazama njia na anatikisa mkia kabla wewe hujaona mtu, teka maji mengi, na uweke udongo kidogo kwenye bakuli.

Mumeo, aliyelowa mbwa,
Baba Hamisi